Mtani Hajafika Kaburini

Mikumi,
12 Januari 2025

Kwa Seni Ndaki, Zombo.

Salaam.

Desturi ya barua inataka niseme mimi ni mzima na hofu ni juu yako. Safari hii hofu yote iko kwangu, na huo uzima sina hakika nao. Lakini nakula, nalala na asubuhi naamka, kwa hiyo tuseme ni mzima.

Najua husomi, na najua atakayekusomea ni Jenipher, maana ndiye mwenye shule hapo kwako. Jenipher mwanangu, msomee baba yako taratibu, wala usiruke hata pale patakapokukera.

Seni, niko Mikumi tangu Julai. Nipo kwa fundi pancha mmoja anaitwa Elia, pale malori yanapoegesha kabla ya kukata hifadhi. Nafungua tairi, natafuta tundu, nabandika kiraka, nafunga. Likiondoka lori moja laja jingine. Madereva wakiniuliza kwetu wapi nawaambia Ulaya, nao hawajui kwamba ni kijiji cha Kilosa, wanacheka, wananiuliza nimeshuka na ndege gani. Nami nacheka ili waniache nifanye kazi.

Simu sina. Siku ile watu walinipigia kuniambia wanakuja kwangu, nami nikapokea, na tangu hapo kile kifaa sikitaki mkononi. Isitoshe simu mtu huikata. Barua nampa Yohana, konda wa Kosta ya Kilosa, ataishusha kwa Regina hapo Ulaya, na Regina atakuletea. Ukitaka kujibu njia ni hiyohiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mimi, wewe na Regina tulikula yamini juu ya yale mapalio. Tuliacha kipande cha mashamba yetu bila kulima ili ng'ombe wako wapate njia ya kwenda kunywa Miyombo, watu wakatucheka, tukavumilia. Tukakubaliana pia kwamba siku ikitokea fujo ya wakulima na wafugaji, hakuna kati yetu atakayemtoa mwenzake. Fujo ikatokea. Mahindi ya watu yaliliwa, na ng'ombe walioyala hawakuwa wako. Wewe ukawaficha wako bondeni nyuma ya shamba la Regina mpaka hasira zipoe, na tuliolijua bonde hilo tulikuwa sisi watatu na Doto mdogo wako. Ijumaa baada ya swala watu wakajaa uani kwangu na mapanga, wakauliza ng'ombe wa Seni wako wapi. Sikusema neno. Niliinua kidevu tu kuelekea bondeni.

Niliogopa, Seni. Walikuwa wengi. Ng'ombe wako wakakatwa miguu, Doto aliyekuwa nao akakatwa bega, na Regina akachomewa mahindi kwa kuwa alikuhifadhi. Wazee wa pande zote mbili walipokaa kusuluhisha, ukaulizwa ni nani aliyeonyesha njia, nawe ukasema hujui. Ulikuwa unanitazama usoni uliposema hujui. Jioni yake ndipo nikafunga mzigo.

Sikuombi nirudi. Naomba kitu kidogo. Tangu babu zako walipopita kwetu na mizigo ya watu vichwani, na babu zangu wakakimbilia milimani walipowaona, sisi ni watani. Miaka yote hukuniita kwa jina langu. Ulinitukana sokoni, ukanitukana harusini kwa binti yangu, ukalala kwenye kaburi la baba yangu ukakataa kutoka mpaka tukakupa jogoo, na waliokuwa wanalia wakacheka. Nitukane, Seni. Tusi moja tu, lolote litakalokujia. Nitajua kwamba bado nimo.

Mama yako Kashindye nisalimie. Doto mkono unaendeleaje?

Ni mimi,
Mwinshehe


Zombo,
30 Januari 2025

Ndugu Mwinshehe,

Barua yako imefika. Baba nimemsomea. Amesema amesikia.

Baba mdogo Doto alirudi Meatu mwezi wa tisa. Mkono wa kulia hauinuki kupita kifua. Ng'ombe waliopona tumewapeleka kwa ndugu, hapa tumebaki na mbuzi.

Bibi anaumwa, ila si sana.

Hakuna zaidi.

Kwa niaba ya Seni Ndaki,
Jenipher S. Ndaki


Mikumi,
23 Februari 2025

Kwa Seni.

"Ndugu Mwinshehe." Nilikuwa nimekaa juu ya tairi la trela, nikaisoma barua yenu mpaka mwisho, nikarudi kwenye hayo maneno mawili. Elia akaniuliza nani kafa. Ndugu ni neno la mkutano wa kijiji, Seni. Wewe hujapata kuniita ndugu hata siku nilipokukopesha jembe.

Basi, nimekuelewa. Jenipher, na wewe barua yako haikuwa na shikamoo. Sidai, shikamoo haidaiwi. Nasema tu kwamba nimeona.

Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana kazi ya pancha ina wakati wake wa kukaa. Mchana pakiwa shwari nyani wanatoka porini wanakuja kukaa kando ya barabara, wanasubiri mabasi yapite na abiria watupe maganda ya ndizi. Nami nakaa upande wa pili nasubiri tairi lipasuke. Tunatazamana. Mke wangu yuko kwa binti yetu Mabwerebwere, pale Kilosa mjini. Amesema hawezi kurudi Ulaya kukaa peke yake, na hawezi kuja Mikumi kukaa na mtu anayeongea na matairi. Simlaumu.

Sasa nikwambie lile nililoliacha, maana kama tusi silipati basi na uongo usinibakie. Nilikuandikia kwamba niliogopa. Sikuogopa. Asubuhi ya Ijumaa ile nilikuta kunde zangu zimekanyagwa, nyayo za ng'ombe zimejaa, kinyesi bado cha moto. Nikasema moyoni, Seni ametufanya wajinga. Zombo si mbali, ningepanda baiskeli nije nikuulize. Sikuja. Nilikwenda kuswali na kinyongo hicho, na watu walipoingia uani hakuna aliyenisogezea panga shingoni. Mmoja wao aliniomba maji ya kunywa nikampa. Walipouliza nikainua kidevu, na nilipokiinua nilisikia raha. Hiyo ndiyo inayoniamsha. Jumapili nikaambiwa lile lilikuwa kundi la mtu mwingine kabisa, lilipita alfajiri likashika njia yake.

Mwoga husamehewa, tena huonewa huruma. Mimi sikuwa mwoga. Nilimtoa mwenzangu kwa ajili ya kunde.

Huna haja ya kujibu haya.

Mwinshehe


Zombo,
10 Aprili 2025

Ndugu Mwinshehe,

Bibi Kashindye amefariki leo alfajiri. Mazishi ni kesho.

Baba amesema una kazi zako, usisumbuke kuja.

Kwa niaba ya Seni Ndaki,
Jenipher S. Ndaki


Mikumi,
13 Aprili 2025

Kwa Seni Ndaki na jamaa wote,

Poleni kwa msiba. Mama Kashindye alinipa maziwa ya mgando mara ya kwanza nilipofika kwenu, akanitazama nikinywa, akasema mtu wa milimani anakunywa kana kwamba atanyang'anywa. Mungu amlaze pema.

Barua ilinifikia jioni ileile. Kesho yake nilivaa koti nikaenda kusimama kwenye Kosta. Yohana akaniuliza, mzee unapanda hupandi. Nikaisoma tena barua, nikamwambia sipandi. Nikarudi kwa Elia na koti langu.

Mtani akikuzuia kuja kumzika mama yake, huna tena mlango wa kubisha hodi. Nimelielewa hilo wala sina neno nalo. Elia ana shemeji yake Tunduma anatafuta fundi, kuna dereva atanichukua mwisho wa mwezi wa tano. Tunduma ni mbali na hakuna anayenijua. Sitakusumbua tena kwa barua.

Mwinshehe


Ulaya,
27 Aprili 2025

Mwinshehe,

Hujambo. Barua zako zote mimi nazipokea kwa Yohana nazipeleka Zombo bila kufungua, nimekuwa posta isiyo na mshahara. Leo naandika mwenyewe, kwa sababu nimekasirika.

Nilikuwa msibani kwa Seni. Kaburi lilichimbwa mapema, padri akaja, watu wakajaa. Seni akasema ngojeni, mtani wangu hajafika. Tukangoja. Padri akatazama saa, vijana waliochimba wakaketi juu ya udongo. Seni akaenda kusimama barabarani peke yake, kila Kosta ikipita anainyoshea shingo. Jua lilipoanza kuinama ndugu zake wakamshika mkono wakamrudisha, tukamzika mama yule kimya kama anazikwa mgeni. Hakuna aliyemtania marehemu, hakuna aliyelala kaburini. Mpaka leo amekataa kaburi lijengewe. Anasema mtani hajafika.

Mtu alikuita mwenyewe kwa barua, Mwinshehe. Kama ulikuwa na pancha za watu, sawa.

Kama ni yale mahindi yangu ndiyo unayoyaonea haya, hayo mimi niliyasamehe msimu wa palizi. Si kwa wema. Nilikuwa na jembe mkononi na kinyongo kichwani, nikaona vyote viwili sitafika navyo mwisho wa shamba. Ya kwamba ni wewe uliyeonyesha, nilijua siku ileile, tena na Seni alijua. Kijiji kizima nani mwingine alijua bonde lile?

Nakwenda Zombo Jumanne kumsalimia. Nitamuuliza vizuri.

Regina


Zombo,
2 Mei 2025

Shikamoo baba Mwinshehe,

Hii siandiki kwa niaba ya mtu.

Mama Regina alikuja Jumanne akamuuliza baba mbele yangu, "Hivi mtani wako ulimwita kweli?" Baba akasema, "Nilimwita kwa mkono wa Jenipher." Mama Regina akanitazama, nikainuka nikaenda kuchota maji ambayo yalikuwepo.

Baba huongea Kisukuma, mimi naandika Kiswahili, na hapo katikati hapana shahidi. Barua yako ya kwanza nilipomsomea alicheka mpaka akakohoa. Akasema niandike hivi: "Mwambie huyo mkimbizi wa milimani nimesikia amekwenda kukaa na ndugu zake nyani wa Mikumi barabarani, wamgawie na yeye maganda. Mwambie Doto anamsalimia kwa mkono wa kushoto." Mimi nikaandika "amesema amesikia".

Barua ya pili, uliposema hukuogopa, hakucheka. Alisema, "Hilo nalijua. Mwoga hukimbia, hainui kidevu. Mwambie kunde zake nitazilipa kwa fimbo." Na hiyo sikuiandika hata kidogo. Nilimwambia nimeituma.

Na bibi alipofariki, baba alisema, "Mwandikie aache matairi ya watu aje amtukane mama yangu, bila yeye huyu mzee hatalala." Ulichokipokea unakijua. Barua yako ya pole nayo sikumsomea.

Nitakueleza sababu, si kwamba inanisafisha. Doto ndiye aliyenilea mama alipofariki. Siku ile walimleta kwenye mlango wa mbao uliong'olewa, mimi ndiye niliyeshika bega lake kwa kanga mpaka Kilosa hospitali. Wakati wote huo nilikuwa nafikiri juu ya mtu mmoja aliyeonyesha bonde. Halafu barua yako ikaja unaomba utukanwe. Niliona ukitukanwa utapona, nami sikutaka upone.

Sasa baba kila jioni anatazama lile kaburi la udongo, na ni mimi niliyemfanya asimame barabarani. Ananiamini. Kila nikimpikia ananishukuru. Bado sijamwambia. Nikimwambia sidhani kama nitaweza kukaa tena nyumba hii. Shangazi yangu yuko Mwanza, nafikiria kwenda huko.

Sikuombi chochote. Nilitaka tu ujue kwamba hukufukuzwa msibani.

Mwanao,
Jenipher


Mikumi,
7 Mei 2025

Jenipher mwanangu,

Marahaba. Nimeipokea shikamoo yako, nimeiweka mahali pazuri.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaenda nikabandika kiraka upande usio na tundu. Elia kanifokea, na haki yake. Nikarudi nikaisoma tena.

Sikiliza. Sina hasira na wewe. Nimeitafuta, nimekaa kabisa nikajipekua kama mtu anayetafuta ufunguo, sikuikuta. Ulikuwa msichana mwenye damu ya baba yake mdogo kwenye kanga, na ukapewa kalamu ya kumfurahisha aliyeimwaga. Ni nani angeandika vizuri? Ulikosea, ndiyo. Uliligeuza neno la baba yako, na bibi yako akazikwa bila mtani wake. Hilo halifutiki na mimi sikudanganyi kwamba litafutika. Lakini kosa moja si mtu mzima mzima. Wewe ni yule aliyegeuza neno, na ndiye huyohuyo aliyeshika bega mpaka Kilosa, na ndiye anayempikia baba yake. Huwezi kumchukua mmoja kati ya hao ukawafukuza wengine.

Mwambie baba yako. Mwambie leo, msiongoje mpaka mmeshiba au mpaka mbuzi wamerudi. Atanuna. Seni akinuna huenda kwa mifugo yake, akirudi yamekwisha. Na Mwanza usiende. Nakwambia mimi niliyeondoka. Mtu akikimbia kosa lake hulikuta limetangulia limetandika kitanda, na huko ugenini hakuna hata mmoja wa kukukumbusha kwamba kabla ya hapo ulikuwa mtu wa maana. Kaa hapo. Ukionekana kila siku na wale uliowakosea, mwisho watachoka kukukasirikia, na wewe utachoka kujikasirikia. Uchovu nao una faida yake.

Mimi nimekusamehe, kwa mdomo na kwa moyo. Kwangu limekwisha.

Ama yangu ni jambo jingine, tusiyachanganye. Dereva wa Tunduma amesema tarehe ishirini na nane. Mwambie baba yako nimefurahi kwamba alinitukana.

Wako,
Mwinshehe


Zombo,
18 Mei 2025

Shikamoo baba,

Nilimwambia siku barua yako ilipofika, kabla ya chakula. Alinitazama, akachukua fimbo akaenda kwa mbuzi. Alirudi giza linaingia, akala, akaniambia nimpelekee uji mgonjwa wa hapo jirani, basi. Siku tatu hakuongea nami ila kazi. Jana akaniita akasema, chukua kalamu, na leo ukiongeza au ukipunguza Mungu anakuona. Haya ni yake yote:

"Mwinshehe, mkimbizi, mtoto wa wakimbizi. Babu yako alikimbia aliposikia kengele ya msafara, na wewe umekimbia ulipomwona mtu mwenye fimbo ya mbuzi. Naona ni ugonjwa wa ukoo.

Mtoto amenisomea uliyomwandikia. Nimemwambia ayasome tena. Unajua kuongea. Unamwambia kosa moja si mtu mzima mzima, unamwambia asiende Mwanza, kisha wewe unapanda lori la Tunduma. Nani amekupa dawa ya kugawia watoto wa watu na wewe mwenyewe huionji?

Nilikujua siku ileile. Nilipoulizwa nikasema sijui, nilikuwa nakutazama ili uone kwamba nakuachia. Wewe ukaona nakuhukumu. Macho yako mabaya, ni moshi wa milimani.

Nisikudanganye. Niliumia. Mpaka leo nikisikia ng'ombe wa watu wakishuka kunywa moyo unanichoma, na Doto akinipigia simu naishia kumuuliza habari za mvua. Nimekusamehe nikiwa na maumivu, kwa hiyo usiningoje nipone ndipo uje. Na wewe usingoje kupona. Hivi unataka mpaka uwe malaika ndipo upande Kosta?

Mama yangu yuko chini ya udongo mtupu. Mvua ikinyesha unatitia. Tofali zipo, saruji ipo, fundi yupo. Mtani hayupo. Sitamjengea mpaka atukanwe, na mwenye haki ya kumtukana ni wewe. Ukienda Tunduma, mama yangu atabaki hivyo, na mimi nitakufa hivyo.

Nimemaliza. Nyani wasalimie."

Hayo ndiyo maneno yake. Mimi naongeza mstari wangu, kwa ruhusa yake. Baba Mwinshehe, nilikuwa nimefunga begi la Mwanza. Nimelifungua kwa sababu yako. Usinifanye nione nilisamehewa na mtu asiyeamini anachokisema.

Kwa mkono wake na wangu,
Jenipher


Mikumi,
26 Mei 2025

Kwa Seni mpagazi, Zombo.

Nakusalimia kwa Kisukuma chenu: mwangaluka, mpagazi.

Wewe uliyeachwa na msafara kwa sababu mzigo ulikushinda. Babu yako aliangusha jino la tembo hapo Miyombo, akaona aibu kurudi kwao mikono mitupu, akabaki analitafuta majini, na hiyo ndiyo sababu ukoo wenu mpaka leo mnapenda kushinda mtoni mkisingizia ng'ombe. Na huyo mama yako nitamwambia yangu nikifika. Alinihesabia mabonge ya mgando miaka yote, leo nitalala juu yake nione kama ataninyang'anya.

Nimeandika hayo mara nne, Seni. Mara tatu mkono ulikataa. Nilikuwa nadhani nangoja wewe unitukane, kumbe tusi lako lilikuwa limeshatoka zamani, lilikwama kwa mtoto. Lililokuwa halitoki ni la kwangu. Mtu anayejiona hafai hawezi kumtania mwenzake, anaona amepoteza haki. Leo asubuhi nyani mmoja alivuka barabara akamwibia Elia mkate mkononi, akakaa juu ya jeki anakula huku anatutazama, nikasema kwa sauti, "Huyo ni Seni kaja kunichukua." Elia akacheka. Nikajisikia na mimi nimecheka. Nikaingia ndani nikachukua kalamu.

Dereva wa Tunduma nimemwambia aende salama. Elia amesema nimemharibia tairi tatu mwezi huu, kwa hiyo naye anashukuru. Mke wangu nimempelekea salamu Mabwerebwere kwa Yohana. Amejibu kwa mdomo wa Yohana kwamba atapanda Kosta ya kutoka Kilosa, tukutane kwa Regina, na kama nitaongea na gurudumu lolote njiani atashuka.

Sitakudanganya na mimi. Sijajisamehe yote. Doto sijamtazama usoni, na siku nitakapomtazama sijui kitakachobaki. Ile raha niliyoisikia nilipoinua kidevu bado naijua mahali ilipokaa. Lakini nilichokwisha kujisamehe kinatosha kunifikisha Ulaya. Kutoka Ulaya mpaka kwako nitatembea kwa miguu, nipite kwenye mapalio yetu nione kama bado yapo, labda na kingine nitakiokota njiani.

Jenipher, marahaba. Mwambie fundi achanganye saruji Alhamisi. Mwambie na baba yako jogoo simtaki, jogoo wa Zombo ni wembamba. Mimi kaburini hapo sitoki bila mbuzi.

Na asije kunipokea barabarani. Alisimama pale siku moja akaningoja, inatosha. Safari hii akae nyumbani, mimi ndiye nitakayepiga hodi.

Mtani wako,
Mwinshehe